Bodaboda kakwaruza IST: kabla hujakubali ubavu mzima upigwe rangi

Mkuu, umesema bodaboda alikupitia ubavuni kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, akaacha mkwaruzo mrefu kwenye milango miwili ya Toyota IST yako ya silva, akagusa na kona ya bampa la nyuma, na fundi wa kwanza uliyemwonyesha anataka kupiga rangi ubavu mzima. Usimpe gari bado. Nina gari hilo hilo, rangi hiyo hiyo, na mwaka 2019 nilikubali ushauri wa namna hiyo siku ile ile. Najuta mpaka leo.

Kwanza lioshe kwa sabuni, likaushe, lisimamishe kivulini. Sehemu kubwa ya kinachoonekana kama mkwaruzo mara nyingi ni raba au plastiki ya pikipiki iliyoganda juu ya rangi yako. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinaitoa, kisha unaosha tena. Kitakachobaki ndicho kidonda chenyewe.

Sasa mwagia maji. Mkwaruzo ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umeishia kwenye klia, ile tabaka ya juu isiyo na rangi. Pitisha kucha kwa kuukatisha mkwaruzo: isiponasa, hapo ni kazi ya kampaundi (dawa ya kusugulia rangi) na polishi tu, nusu siku imekwisha. Ikinasa, angalia rangi ya chini. Kijivu au nyeupe ni praima, rangi ya msingi inayotangulia. Kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa ni bati. Kwenye bampa utakuta weusi, yaani plastiki, na plastiki haishiki kutu, kwa hiyo bampa linaweza kusubiri hata mwaka ukiwa na majukumu mengine. Bati halisubiri. Kama unaishi Kigamboni au popote upepo wa bahari unapofika, chumvi itakuanzishia kutu mapema sana, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima mpaka utakapoona imevimba.

Kilichonikuta mimi ni hiki. Mlango wa nyuma ulikwaruzwa na mkokoteni, mkwaruzo wa kiganja kimoja, na karibu yake palikuwa na kibonyeo kidogo ambacho wala hukioni mpaka uinamie. Fundi akasema hawezi kupiga rangi kipande, lazima mlango wote. Wakakwangua rangi ya kiwandani, wakajaza puti, ule uji mzito wa kusawazishia kibonyeo unaokauka na kuwa mgumu, halafu umeme ukakatika, kompresa ikalala. Gari likakaa nje siku nne na puti yake wazi, na masika ndiyo imekolea. Puti inanyonya unyevu kama mkate. Walipopiga rangi juu yake ilipendeza, nikalipa, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Baada ya miezi mitano yakaanza malengelenge. Mwaka uliofuata nililipa kwa fundi mwingine kukwangua mpaka bati na kuanza upya. Mkwaruzo wa kiganja umenigharimu mlango mara mbili!

Ndiyo maana nasisitiza: rangi ya kiwandani ni mali. Kule bodi huchovywa kwenye dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi huokwa kwenye tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 100, kabla viti na plastiki havijafungwa. Gereji haiwezi kurudia hilo hata fundi awe bingwa. Kila panapowezekana kuiacha, iache, hata kama alama ndogo itabaki. Mimi sasa nina alama mbili kwenye fenda na hazinisumbui.

Kwa hiyo pale mkwaruzo wako ulipofika kwenye praima au bati, tafuta kichupa kidogo cha rangi chenye brashi nyembamba. Namba ya rangi iko chini ya boneti, kwenye kile kibati chenye namba ya chesisi; yangu ni 1F7. Maduka ya rangi za magari yanachanganya kwa namba hiyo. Kama kutu imeshaanza, iondoe kwanza kwa msasa laini, futa vumbi, weka praima, kisha rangi kidogo kidogo ukiacha kila tabaka ikauke, na klia mwishoni. Ukiinama utaona ulipopaka, lakini bati limefungwa.

Kampaundi nayo isigeuke tabia ya kila mwezi. Klia ya kiwandani haifiki unene wa unywele, na kila ukisugua unaipunguza. Kwenye kingo za mlango ndiko inakoisha haraka.

Ikilazimu kupiga rangi, jua kwamba silva ni ngumu. Ina chembe za metali, na namna zinavyolala inategemea umbali wa bunduki ya kupulizia rangi, presha na mkono wa fundi, hivyo namba sahihi peke yake haitoshi. Mwambie apulize kwanza kwenye kipande cha bati, apige klia, kikauke, mkipeleke juani mkiweke ubavuni mwa gari. Usikubali kulinganisha jioni au chini ya turubai. Fundi mzuri ataififisha rangi mpya kuelekea mlango wa jirani ili jicho lisipate mpaka. Akikuambia hakuna haja ya kujaribu, ondoka. Na kwenye bampa muulize kama ana praima ya plastiki. Bila hiyo rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Kuhusu swali lako kama udai kwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe: soma kwenye karatasi zako ekses ni kiasi gani, kile unacholipa wewe kabla wao hawajaanza. Kazi kama hii mara nyingi iko chini yake au inaikaribia tu, halafu ukidai unaweza kupoteza punguzo la mwaka ujao. Mimi sidai kwa mikwaruzo.

Lioshe kesho asubuhi, kisha uniambie pale mkwaruzo unapovuka ukingo wa mlango wa mbele kucha inanasa au hainasi, na chini yake unaona rangi gani.