Kagua faili yako ya XML kabla hujaituma

Neno lililonifundisha kukagua faili zangu za XML ni ng'ombe.

Nilikuwa nimekusanya faharasa ya Kiswahili yenye vidahizo zaidi ya elfu tatu, nimeipanga kwa mada, wanyama wakiwa mbele. Maneno yalikaa kwenye jedwali, nami nikaandika skripti fupi ya kuyatoa humo na kuyamwaga kwenye faili moja ya XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa tagi ili programu iweze kuyasoma. Nilipoifungua nikatazama mistari ya mwanzo, nikaona imekaa vizuri, nikamtumia mwenzangu aliyekuwa anatengeneza programu ya kuisoma. Akanijibu kwamba faili haisomeki. Si kwamba inasomeka nusu, la: programu yake ilikuwa inakataa kuonyesha hata neno moja. Niliamini programu yake ndiyo yenye hitilafu, na siku nzima tukawa tunarushiana barua pepe. Jioni akaniomba niendeshe amri moja tu:

xmllint --noout faharasa.xml

Jibu lilikuja papo hapo:

faharasa.xml:212: parser error : attributes construct error
  <kidahizo neno='ng'ombe' aina='nomino'>
                     ^

Tazama alama ya ^ ilipoelekeza: chini ya herufi "o" ya ng'ombe. Skripti yangu ilikuwa inazungushia kila sifa (kama neno na aina hapo juu) nukuu moja, na ritifaa ya ng' ni alama ileile. Kompyuta ikafungua nukuu, ikasoma "ng", ikakuta ritifaa, ikahesabu kuwa nukuu imefungwa. Kilichobaki, yaani "ombe'", hakikuwa na maana yoyote kwake. Kwa jicho langu neno lilikuwa limeandikwa sawasawa, na ndivyo lilivyokuwa. Kilichokosewa ni nukuu zilizolizunguka.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Unaandika neno="ng'ombe" kwa nukuu mbili, au ukibaki na nukuu moja unaandika ng&apos;ombe. Lakini sikurekebisha ng'ombe peke yake, maana nyuma yake kulikuwa na ng'ambo, king'ora, ung'amuzi na wenzao wengi. Nilirekebisha skripti. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijenge XML kwa kuunganisha vipande vya maandishi kwa mkono. Karibu kila lugha ya programu ina maktaba ya kuandika XML, na maktaba hiyo inajua nukuu ipi itumike wapi. Kwenye Python, kwa mfano, ipo xml.etree.ElementTree, inayokuja na Python yenyewe.

Ushauri wa pili ndio ulionifanya niandike makala hii: usiamini macho. Iache xmllint iseme.

Kwanza tuelewane inakagua nini. XML 1.0, iliyopitishwa na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, tarehe 10 Februari 1998, inadai kila faili iwe na umbo sahihi. Maana yake ni kwamba tagi moja kuu inabeba kila kitu, kila tagi iliyofunguliwa inafungwa, iliyofunguliwa mwisho inafungwa kwanza, herufi kubwa na ndogo zinahesabiwa kuwa tofauti, sifa zote ziko ndani ya nukuu na hazijirudii kwenye tagi moja, na alama za & na < hazionekani zikiwa uchi ndani ya maandishi. Sharti lolote kati ya hayo likivunjwa, hilo ni kosa la kuua, na programu inayofuata kanuni hairuhusiwi kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Waliozoea HTML hushangaa, kwa sababu kivinjari husamehe makosa mengi na kukisia ulichokusudia. Mimi nauunga mkono ukali huu wa XML kwa moyo wote. Faharasa inayosomwa nusu bila mtu kujua ingeniumiza zaidi kuliko ile iliyokataliwa hadharani.

Sasa chombo chenyewe. xmllint ni sehemu ya libxml2, maktaba iliyoanzishwa na Daniel Veillard ndani ya mradi wa GNOME. Kwenye macOS huikuta tayari. Kwenye Debian na Ubuntu imo ndani ya kifurushi kiitwacho libxml2-utils. Anayetumia Windows anaweza kuipata kwa kuendesha Linux ndani ya WSL. Na kama huwezi kusakinisha chochote lakini Python ipo, mstari huu unatosha kwa dharura:

python3 -c "import sys, xml.etree.ElementTree as E; E.parse(sys.argv[1])" faharasa.xml

Nao utakupa namba ya mstari na ya safu penye kosa, ingawa maelezo yake ni mafupi kuliko ya xmllint.

Neno --noout usilisahau. Bila hilo, xmllint ikishamaliza kusoma inakumwagia faili nzima kwenye skrini. Ukiliweka, faili isiyo na kosa haileti jibu lolote. Amri inamalizika na mshale wa terminali unarudi. Mara ya kwanza kimya hicho kilinitia wasiwasi, nikadhani amri haikufanya kazi. Ukitaka uhakika andika echo $? mara tu baada yake. Ukiona 0, faili imepita. Ukiona namba nyingine yoyote, haikupita. Namba hiyo ndiyo skripti zako zitakayoitegemea, kwa hiyo izoee mapema.

Kusoma makosa ndiko kunakowasumbua wengi, maana kosa moja huzaa ujumbe mitano. Ng'ombe wangu hakuleta ujumbe mmoja tu. Ulifuata wa tagi isiyomalizika, kisha wa tagi zisizolingana, na kila mmoja ukionekana kama tatizo jipya. Rekebisha wa kwanza peke yake, hifadhi, endesha tena amri. Mara nyingi mingine yote inapotea. Nimeshaona watu wakianzia chini kwenda juu na kuharibu sehemu za faili zilizokuwa nzima.

Jambo jingine: mstari unaotajwa ni pale kompyuta ilipokwama, ambapo huenda ni mbali na pale ulipokosea. Ukisahau kufunga tagi ya maana kwenye mstari wa 40, utaona hivi:

faharasa.xml:43: parser error : Opening and ending tag mismatch: maana line 40 and kidahizo

Jina la kwanza, lenye namba ya mstari, ni tagi iliyofunguliwa na kubaki wazi. Jina la pili ni ile iliyojaribu kufungwa wakati ya kwanza bado haijafungwa. Nenda mstari wa 40, wala usihangaike na wa 43. Na kama ulisahau mkwaju tu, ukaandika <maana> mahali pa </maana>, kompyuta itahesabu kwamba umefungua maana nyingine ndani ya maana. Hapo namba itakayotajwa ni ya hiyo tagi ya pili, na ndiyo ya kurekebisha.

Alama ya & ina ujumbe wake. Ikifuatwa na nafasi, kama kwenye "methali & nahau", xmllint inasema xmlParseEntityRef: no name. Ikifuatwa na herufi, kama kwenye anwani ya tovuti yenye ?neno=a&aina=b, inasema EntityRef: expecting ';'. Dawa ni moja: andika &amp; mahali pa &. Anwani za tovuti ndizo zinazoniangusha mara nyingi zaidi, kwa sababu mtu huzinakili kutoka kwenye kivinjari na kuzibandika bila kuzitazama. Ukikutana na Entity 'nbsp' not defined, ujue kuna kipande kilichotoka kwenye HTML. XML yenyewe inajua entiti (majina yanayosimama badala ya alama) tano tu: &amp; &lt; &gt; &quot; na &apos;. Nyingine zote ni lazima zitangazwe kwenye DTD (orodha ya kanuni za faili), au uandike namba ya herufi, mfano &#160; kwa ile nafasi isiyokatika.

Kosa ambalo jicho haliwezi kuliona ni XML declaration allowed only at the start of the document. Unafungua faili, unaona <?xml version="1.0"?> ipo juu kabisa, unashangaa. Tazama tena: pengine kuna mstari mtupu juu yake, au nafasi moja. Tangazo hilo likiwepo, linapaswa kuwa kitu cha kwanza kwenye faili, bila hata nafasi mbele yake. Ndugu yake ni Extra content at the end of the document, ambao mimi huupata nikiwa nimeunganisha faili mbili kwa amri ya cat: tagi kuu zinakuwa mbili, na XML inakubali moja.

Nirudi kwa ng'ombe, maana alinisumbua mara ya pili. Baada ya kurekebisha skripti, mtu mmoja alinisaidia kuongeza maneno kwa kutumia programu ya kuandikia barua, ambayo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Faili ilipohifadhiwa, ilihifadhiwa kwa usimbaji (namna ya kuandika herufi kama namba) wa zamani wa Windows. Nilipoikagua nikapata:

Input is not proper UTF-8, indicate encoding !
Bytes: 0x92 0x6F 0x6D 0x62

Maneno ya ujumbe huu yanatofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, lakini baiti hizo zinasema kila kitu. 0x6F ni o, 0x6D ni m, 0x62 ni b: hapo kuna "omb". Kabla yake 0x92 ni ritifaa iliyopinda ya Windows-1252, ambayo kwa UTF-8 haina maana ikisimama peke yake. Kwa hiyo sikuhitaji kutafuta faili nzima; baiti nne zilishanitajia neno. Faili isiyotangaza usimbaji wake huchukuliwa kuwa ni UTF-8 (au UTF-16, kama imeanza na alama yake). Njia mbili zipo: kutangaza usimbaji wa kweli kwenye mstari wa kwanza, au kuigeuza:

iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 mpya.xml > mpya-utf8.xml

Mimi huigeuza kila mara. UTF-8 inabeba kila herufi nitakayoihitaji, na sitaki kubaki na faili za kila aina. Hakikisha tu kwamba mstari wa kwanza hautangazi bado usimbaji wa zamani.

Hapo kuna tahadhari: usielekeze matokeo kwenye faili ileile unayoisoma. Hata ukitaka kupanga mistari vizuri kwa xmllint --format, ukiandika xmllint --format faharasa.xml > faharasa.xml terminali itaifuta faili kwanza kabla xmllint haijaisoma, na utabaki na faili tupu. Andika kwenye jina jipya, ikague, ndipo uibadilishe. Pia ipo --recover, inayookoa kinachookoleka kwenye faili mbovu. Itumie kuchungulia tu. Inaweza kuacha vipande njiani, na ukiyafanya matokeo yake kuwa faili yako rasmi huenda usijue kamwe kilichopotea.

Faili zikiwa nyingi, usiendeshe amri moja moja:

find . -name '*.xml' -exec xmllint --noout {} +

Alama ya + mwishoni ina kazi mbili. Inakusanya faili nyingi kwenye mwito mmoja, hivyo kazi inakwenda haraka. Na faili hata moja ikishindwa, find yenyewe inamaliza kwa namba isiyo 0. Ukitumia \; mahali pake, makosa yataandikwa kwenye skrini lakini find itamaliza kwa 0, na skripti inayoisubiri itaamini mambo ni shwari.

Usidhani kazi imeisha kwa sababu xmllint imenyamaza. Kuwa na umbo sahihi si kuwa sahihi. Mstari <kidahizo neno="ng'ombe" aina="kitenzi"> unapita bila neno, kwa sababu nukuu na tagi ziko mahali pake; kwamba ng'ombe si kitenzi, hilo amri haikuulizwa. Kidahizo kisicho na maana yoyote ndani yake nacho kinapita. Kwa hayo unahitaji skima, faili inayoeleza tagi zipi zinaruhusiwa na sifa zipi ni za lazima, kisha unaendesha:

xmllint --noout --schema faharasa.xsd faharasa.xml

Hata skima haitajua kwamba ng'ombe ni nomino. Itakachokuzuia ni kuandika aina isiyo kwenye orodha, kama "nomno", au kuacha maana. Kwenye faharasa yangu ukaguzi huo peke yake ulinionyesha vidahizo kumi na vitatu ambavyo nilivisahau vikiwa vitupu. Kama una DTD tumia --valid, na kwa RELAX NG ipo --relaxng.

Siku hizi sikumbuki kuendesha amri yenyewe, kwa sababu Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, inaniendeshea. Ndani ya folda ya mradi niliandika faili .git/hooks/pre-commit, nikaipa ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, na humo nikaweka:

#!/bin/sh
git diff --cached --name-only --diff-filter=ACM -z -- '*.xml' | xargs -0 -r xmllint --noout

Faili yoyote ya XML niliyoiongeza au kuibadilisha inakaguliwa kabla mabadiliko hayajapokewa. Ikiwa na kosa, Git inakataa na mstari wenye kosa unanitazama usoni. Ile -r inazuia xmllint isiitwe pale ambapo hakuna faili ya XML iliyobadilika. Bila hiyo italalamika kwamba haikupewa kitu, na Git itakukatalia kazi isiyo na kosa.