Jaribu Tone Moja Kwenye Kioo Kabla ya Kusafisha Bodi

Redio ya kwanza niliyoitengeneza niliiharibu kwa usafi. Nilikuwa nimeshamaliza kulehemu, nikaona flaksi (utomvu unaosaidia risasi ya kulehemu kushika) ya kahawia imeganda kwenye miguu ya transista, nikaipaka asetoni. Ikatoka palepale. Lakini matone mawili yaliangukia dirisha la plastiki la redio, likafanya ukungu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Halikupona.

Tangu siku hiyo asetoni kwangu ni ya chuma na kioo tu. Kwenye bodi, yaani kile kibao kinachobeba vipuri vya redio, natumia alkoholi ya aisopropili, nayo ina mtego wake: ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, kinachobaki ni maji. Kwa ngozi sawa, ila kwenye bodi maji hayo hukawia kukauka na hujificha chini ya vipuri. Waulize wauza vipuri vya elektroniki au kemikali za maabara kama wana ya asilimia 99. Ukikosa, ya 91 si mbaya, ipe muda tu. Jeli ya mikono achana nayo, huacha bodi inanata. Spiriti ya kuwashia moto nayo hutiwa rangi na vitu vingine ili isinyweke, wakati mwingine methanoli, ambayo ni sumu. Petroli hata sitaki kuijadili.

Lebo peke yake siiamini. Nanunua chupa ndogo kwanza, nadondosha tone moja kwenye kioo kisafi, naliacha likauke lenyewe, kisha nakiinamisha kioo kwenye mwanga. Nikiona duara la utando, chupa hiyo inakwenda kufuta meza.

Sasa, ukishasafisha ukaona bodi ina ukungu mweupe, usikimbilie kumlaumu muuzaji. Mimi nilibadilisha chupa mara mbili kabla ya kugundua kosa ni langu. Alkoholi huiyeyusha flaksi, haiiondoi. Ukiiacha ikauke, flaksi inabaki palepale, safari hii imetandazwa bodi nzima. Lowesha, sugua kwa mswaki laini, na kabla haijakauka tandika kitambaa kisichotoa nyuzi, usugue juu yake ili kinyonye uchafu. Geuza upande safi, rudia. Swichi na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zilizo wazi usizimwagie, uchafu utaingia ndani. Na kama flaksi yako ni ya kuoshwa kwa maji, hapo alkoholi si dawa. Tumia maji moto yaliyosafishwa, kisha ukaushe vizuri.

Kabla ya yote chomoa betri, zima pasi ya kulehemu, fungua dirisha. Mvuke wa aisopropili hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Chupa nayo ifunge kila ukimimina: alkoholi hii hunyonya unyevu wa hewani, na ile 99 uliyoitafuta kwa taabu itapungua nguvu ikiwa rafuni.