Kijiwe Chekundu cha Baba Mdogo

SWALI: Shikamoo Bi. Mpigapicha. Baba mdogo alikwenda India kutibiwa kijiwe cha figo. Eksirei ya hapa nyumbani haikuonyesha kitu. Kule akapigwa CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande), akaonyeshwa kijiwe chekundu, akaambiwa ni cha asidi ya yuriki, hapasuliwi, atumie dawa na maji mengi. Wamejuaje bila kukitoa? Au wamemdanganya? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Juzijuzi nilinunua doti ya kanga usiku, umeme umekatika, muuzaji kawasha chemli. Nilitaka nyeusi, ya kwendea matangani. Asubuhi naitandaza uani, kumbe zambarau!

CT ya kawaida ndiyo chemli ile. Kijiwe hutoka cheupe tu, kiwe cha kalsiamu au cha yuriki. (Eksirei ndiyo kabisa: cha yuriki huwa haikioni.) CT ya spektra hutumia mionzi ya nguvu mbili, tuseme kilovolti 80 na 140. Kalsiamu huizuia sana ile dhaifu, ile kali ikapenya zaidi. Kwa yuriki, zote mbili hupita karibu sawa. Kompyuta hupima tofauti hiyo, ndipo ipake rangi. Kwa hiyo wekundu ule si wa kijiwe. Wangetaka wangekipaka kijani.

Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni CT, alikwisha kuandika mwaka 1973 kwamba picha mbili za nguvu tofauti zingetenganisha iodini na kalsiamu. Lakini mgonjwa hupumua, utumbo hucheza. Picha ya pili hailalii juu ya ya kwanza. Ilipofika 2006 hospitali zikaanza kupata mashine zenye mirija miwili ya kutoa eksirei, zinazopiga picha zote mbili kwa pamoja. Na tangu 2021 Marekani imeruhusu mashine inayohesabu chembe za mwanga wa eksirei moja moja na kupima nguvu ya kila moja. Hiyo haihitaji hata mrija wa pili.

Kudanganywa, hapana. Kijiwe cha yuriki huweza kuyeyuka mkojo ukipunguzwa asidi kwa dawa, tena bila kisu. Cha kalsiamu hakiyeyuki hivyo, ndiyo maana walitaka kujua kwanza.

Ila kijiwe kidogo mno, chini ya milimita 3, huibabaisha kompyuta. Ukubwa wa cha baba mdogo utakuwa umeandikwa kwenye ripoti yake. Mwombe aitoe kwenye bahasha muisome pamoja.