Jibu: Shamba darasa la kusaidia kaya zisizo na uwezo, tuanze na zao gani?

Mleta mada, hongereni kwa kupata hiyo robo ekari karibu na zahanati. Umeuliza mpande nini kwanza. Kwa maoni yangu, anzeni na mchicha. Ndani ya wiki tatu hadi nne mnavuna, na watu wanaona matokeo kabla hawajakata tamaa.

Matuta ya pembeni yawekeni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, maana vina vitamini A ambayo watoto wadogo wanaihitaji sana. Kateni marando, yaani vipande vya mashina ya viazi yanayotambaa, ya sentimita 30 hivi, mfukie pingili mbili au tatu, mmwagilie jioni. Matembele, yaani majani ya viazi hivyo, mtachuma mapema, ila msiyakwangue yote, viazi vitadumaa. Samadi iwe imeoza kabisa. Mbichi inaunguza miche.

Kwenye ugawaji, sisi kwenye shamba letu kama hilo tulikosea mwanzoni. Tulikuwa tunagawa mboga tu kila Jumamosi, mpaka bibi mmoja anayelea wajukuu akanishika mkono: "Mwanangu, mboga nashukuru, lakini nipe na mbegu." Nilinyamaza, nikaona ana haki. Tangu siku hiyo kila anayekuja anaondoka na fungu lake pamoja na marando ya kupanda kwenye kiroba nyumbani, na tunamwonyesha palepale jinsi ya kukitoboa pembeni na kuchanganya udongo na samadi.

Maji mnatoa wapi? Kama ni bomba la zahanati, kubalianeni sasa hivi nani atalipa bili, kabla ya kiangazi.