Umehitimu, sasa ushike njia ipi? Maswali ya waundaji programu wapya

Kila msimu wa mahafali maswali ni yaleyale, na uzito wake haupungui. Tumeyajibu kwa mpangilio ambao wahitimu wengi hukutana nayo.

Nimemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta. Naambiwa nichague kati ya tovuti, seva, simu na data. Nitajuaje inayonifaa?

Weka kando majina ya vyeo na mishahara inayotajwa mitandaoni. Jiulize ni hitilafu za aina gani uko tayari kuzisaka siku nzima, maana kazi hii ni kusoma msimbo (maandishi ya programu) wa wengine na kutafuta kilichoharibika zaidi ya kuandika kipya.

Kwenye kurasa anazoziona mtumiaji, hitilafu iko wazi machoni: kitufe kimefichwa na kibodi, fomu imefuta kila kitu kwa sababu ya kosa moja, ukurasa unaganda kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo. Kama huchoki kurekebisha jambo lilelile kwa skrini za kila ukubwa, utapapenda.

Kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia programu kutoka nyuma ya pazia, hakuna cha kuona. Chukua ukurasa unaoorodhesha oda 100, na kwa kila oda programu inarudi kwenye hifadhidata (mahali taarifa zinapotunzwa) kuuliza jina la mteja. Hayo ni maulizo 101, wakati ulizo moja linalounganisha majedwali mawili lingetosha. Kwenye kompyuta yako yenye oda tano za majaribio, kila kitu kiko chapuchapu. Wateja wakiongezeka mfumo unaanza kujikokota, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kama habari hiyo inakutia hamu ya kufungua kumbukumbu za mfumo (logi za matukio yake) kuona ni ulizo lipi lililokawia, seva ndipo mahali pako.

Programu za simu zina ugumu wake. Toleo likishatoka huwezi kwenda kulichukua mfukoni mwa mtu. Wako watakaokaa na toleo la zamani miezi mingi, na seva lazima iendelee kuwaelewa. Mtandao nao hukatika katikati ya kazi. Watu wa data husumbuliwa na safu iliyobadilishwa jina bila taarifa, tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu, au ripoti yenye takwimu potofu huku mfumo ukidai kazi imekamilika salama.

Ili usibahatishe, tengeneza kitu kidogo kizima, tuseme daftari la madeni, kuanzia hifadhidata hadi skrini. Halafu kumbuka ni wapi ulikwama kwa muda wa saa tatu na bado ukataka kuendelea, na ni wapi ulinakili tu ili paishe.

Nianze na lugha gani?

Kusanya matangazo 30 ya nafasi za kuanzia kwenye upande ulioupenda, hesabu lugha zinazotajwa, chukua inayoongoza, kaa nayo mwaka mzima. Usiogope kwamba itakufa mikononi mwako. COBOL ya mwaka 1959 bado inaendesha mifumo ya benki, na JavaScript ya mwaka 1995 iko ndani ya kila kivinjari unachokijua. Zinazopita haraka ni maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) na viunzi (mifupa ya kujengea programu) vinavyojengwa juu ya lugha hizo. Tenga muda kwa vitu vinne utakavyohama navyo popote: SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), HTTP (utaratibu wa kivinjari na seva kuwasiliana), Git (zana ya kutunza historia ya msimbo) na kutumia mfumo endeshi wa Linux kwa amri za maandishi.

Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Nionyeshe nini?

Omba hata hivyo kama unaweza kazi nyingi zilizotajwa. Sharti la miaka mara nyingi ni matamanio ya mwajiri. Kisha onyesha mradi mmoja uliokamilika. Miradi kumi uliyoifuata kwenye video, mkaguzi huitambua mapema, kwa sababu ameshaiona kwa waombaji wengine.

Kitu cha kwanza atakachofungua ni faili ya maelezo: programu inafanya nini, na inawashwa kwa amri zipi. Isipowaka kwake, hasomi zaidi. Kwa hiyo kabla ya kutuma, ipakue upya kwenye folda tupu na ufuate maelezo yako mwenyewe neno kwa neno. Hapo ndipo utagundua faili ya mipangilio iliyobaki kwenye kompyuta yako. Nenosiri lisikae ndani ya Git. Ukilifuta leo, linabaki kwenye historia, kwa hiyo tiba ni kulibadilisha kabisa kule linakotumika.

Baada ya hapo onyesha kwamba umefikiria yanayoharibika. Kama mradi unagusa pesa, usizihifadhi kama namba za desimali za kawaida. Fungua konsoli ya kivinjari (sehemu yake ya kuandikia amri za JavaScript), andika 0.1 + 0.2, utapata 0.30000000000000004, kwa sababu kompyuta hutunza namba hizo kwa mfumo wa jozi (tarakimu 0 na 1 tu) na 0.1 haiwezi kuandikwa kikamilifu humo. Hifadhi namba nzima ya sehemu ndogo kabisa ya sarafu.

Fikiria pia mtu anayebonyeza "lipa" mara mbili mtandao ukiwa mzito. Programu itengeneze namba ya kipekee ya muamala kabla ya kutuma, na ombi likirudiwa itumie namba ileile. Hifadhidata iwekewe sharti la kukataa namba iliyokwisha kuingia, na seva irudishe jibu la mara ya kwanza. Wengi huandika tu msimbo wa kuuliza "namba hii ipo?" kabla ya kuingiza. Hautoshi: maombi mawili yanaweza kuuliza kwa wakati mmoja, yote yakajibiwa haipo, na mteja akakatwa pesa mara mbili. Andika jaribio linalotuma maombi mawili kwa pamoja, na uweke aya moja kwenye maelezo kueleza sababu. Aya hiyo itakupa mazungumzo mazuri kwenye usaili.

Nimepewa nafasi ya kupima programu, si kuziandika. Nikubali?

Kubali kama utaandika majaribio yanayojiendesha yenyewe na utaruhusiwa kusoma msimbo unaoupima. Kama kazi yote ni kubonyeza vitufe kwa kufuata orodha, weka muda wa kuondoka kabla hujaanza.

Nina ofa mbili, kampuni kubwa na timu ya watu wanne. Nichague ipi?

Ukubwa si kigezo cha kwanza. Kwa mtu mpya kinachoamua ni kama kuna anayesoma msimbo wako na kukuambia ukweli. Waulize wote: nani atakagua kazi yangu, na ukaguzi huchukua siku ngapi? Mabadiliko yakiwa tayari, yanafikaje kwa watumiaji? Ukisikia kuna mtu hunakili mafaili kwenye seva kwa mkono, jua karibuni utakuwa wewe. Mfumo ukianguka usiku, nani huamka? Mwisho waulize kuhusu hitilafu kubwa iliyowapata karibuni na walibadilisha nini baada yake. Wakikujibu kwa kumtaja aliyekosea, bila lolote lililobadilika kwenye utaratibu, chukua ofa ile nyingine hata kama mshahara umepungua kidogo.

Akili mnemba inaandika msimbo siku hizi. Je, njia hii bado inafaa?

Inafaa, ila usiikabidhi sehemu unayojifunza. Anayeunganisha msimbo na mradi ndiye anayewajibika, kwa hiyo usiunganishe mstari usioweza kuueleza. Zana hizi hutaja wakati mwingine maktaba isiyokuwepo, na mhalifu anaweza kusajili jina hilohilo na kuweka humo programu hasidi. Kagua jina la maktaba, mmiliki wake na historia yake kabla ya kusakinisha. Njia inayojenga ni kuandika kwanza kwa mkono, kisha kuiomba ikosoe, kisha kuhakikisha ukosoaji wenyewe kwa jaribio.

Nina miezi minne kwenye seva lakini moyo uko kwenye data. Nihame?

Usiache kazi bado. Miezi minne ni muda wa kuuzoea mfumo tu, na uchovu wa kuanza hufanana sana na kukosea njia. Omba kazi moja inayopakana na data, kwa mfano ripoti inayochelewa, na uifanye hadi iishe. Hata ukihama baadaye, uliyojifunza kuhusu majedwali, faharasa (zinazoharakisha utafutaji) na maulizo ya SQL utayatumia kuanzia siku ya kwanza. Ukimaliza kazi mbili za namna hiyo na hamu ikazidi, zungumza na msimamizi wako kuhusu kuhamia timu ya data hapohapo kabla ya kutafuta nje, kwani ndani tayari wanakujua na hutaanza tena kama mtu asiye na uzoefu.