Wadogo zangu wa SEO (kazi ya kupandisha saiti kwenye Google), hilo shimo mnalochimba mie nilishatumbukia

Jana jioni kijana wetu hapa ofisini Ntinda, Kampala, kanionyesha kwa furaha kurasa 300 alizotengeneza na ChatGPT kwa siku mbili, "safari ya gorila kutoka London", "kutoka Toronto", "kutoka Oslo", maneno yale yale jiji tu ndo limebadilika. Nikaagiza rolex mbili, zile chapati za mayai, nikamwambia mdogo wangu kaa chini kwanza.

1. Kurasa za kufyatua kama matofali: Google wanazichukia tangu zamani, na Machi 2024 wakaziwekea sheria yake kabisa, umeandika kwa mkono au kwa mashine haijalishi. Futa.

2. Linki za kununua, yaani unalipa saiti za watu zielekeze kwako ili Google ikuone maarufu. Hapa mnivumilie.

Mwanzoni mwa 2012 nilikuwa na mteja, mama mmoja mwenye kampuni ya utalii, na mimi nilikuwa najiita mtaalamu. Nikanunua linki 2,000 kwa dola 40 toka kwa jamaa wa mtandaoni, zote zimeandikwa "gorilla trekking Uganda", neno hilo hilo mara elfu mbili, zimetoka kwenye saiti za kamari na dawa za kupunguza tumbo. Baada ya wiki tatu tuko ukurasa wa kwanza, mama akanichinjia kuku, sitanii, tukala na matooke nyumbani kwake, akaanza kuniita mwanangu. Na kwa ule moto akalipia kabisa permiti nane, vibali vya kuona gorila msitu wa Bwindi, za mwezi wa sita, enzi hizo moja ilikuwa dola 500, piga hesabu mwenyewe.

Tarehe 24 Aprili Google wakaachia Penguin, badiliko la kushusha saiti zenye linki za ujanja. Nikatafuta lile neno letu, ukurasa wa kwanza hatupo, wa pili hatupo, nimeenda hadi wa tisa, nikazima modemu nikawasha nikidhani ni mtandao. Halafu, na hii ndo inanitia aibu mpaka leo, sikumwambia. Wiki tatu nzima namdanganya, "mama, Google wako kwenye matengenezo". Mwisho akaniita, akanigeuzia kompyuta nione inboksi yake, barua ya mwisho ya mgeni ni ya Aprili, na pembeni ya kibodi risiti za permiti zimebanwa na klipu. Hakufoka, bora angefoka. Akauliza tu, "Mwanangu, uliweka nini kwenye saiti yangu?"

Miezi iliyofuata nilikuwa naandikia wenye saiti mmoja mmoja nikiwaomba watoe linki, mmoja akanijibu kutoa ni dola 10 kwa linki, wakati kuziweka ZOTE nililipa 40! Kile kifaa cha kuzikana linki, cha kuwaambia Google wasizihesabu, walikileta Oktoba, msimu umeshakwisha. Kati ya permiti nane ni mbili tu zilizopata wageni.

3. Google Business Profile ya mteja, ile kadi ya biashara inayotokea kwenye Google na ramani yake, jazeni, na namba iwe ile inayopokelewa.

4. Tangu jibu la akili mnemba likae juu kabisa kwenye Google, mteja atawapigia kelele kwamba saiti inaonekana lakini kliki hakuna. Sasa swali la "permiti ya gorila bei gani" limeshaliwa, mgeni wa nje anajibiwa dola 800 hapo hapo na hafungui kitu, mnaling'ang'ania la nini? Andikeni anachojua dereva wenu: barabara ya Ruhija kule Bwindi mvua ikinyesha ikoje, mgeni mwenye goti bovu aombewe kundi lipi la gorila. Mhojini dereva, ana maneno kuliko nyie.

5. Msikae na mlango mmoja. Januari 2021 Facebook ilipofungwa hapa Uganda siku mbili kabla ya uchaguzi, kuna wenzetu biashara yao yote ilikuwa mle. Kusanyeni namba za WhatsApp na baruapepe za wageni, basi.

Kijana kamaliza rolex yake, kafuta vidole, kaniuliza, "Boss, hata ya Toronto? Ilikuwa imeanza kupanda."

Hata ya Toronto.