Barua kwa mwanangu: yule chifu wa King Kong

Mwanangu Salma,

Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeangalia filamu ya King Kong, ile ya mwaka 1933, ukamwona chifu wa kisiwani anasimamisha ngoma na kutaka kutoa wanawake sita wa kwake apewe yule mzungu mwenye nywele za dhahabu. Ukaniuliza: huyu mtu mweusi ni nani, na hakuona haya?

Ni Noble Johnson, Mmarekani, mzaliwa wa Missouri mwaka 1881. Alikulia Colorado, na kazi za farasi alizijua vizuri. Kampuni ya filamu ya Lubin ilipofika huko kupiga filamu, mwigizaji mmoja akaumia, Johnson akashika nafasi yake. Wakamchezesha Mhindi Mwekundu.

Basi ikawa ndiyo kazi yake, kuwa mtu wa kila taifa isipokuwa lake. Alikuwa mrefu, ana kifua, rangi yake maji ya kunde, na filamu za enzi hizo ni nyeusi na nyeupe. Poda kidogo na kilemba vilitosha. Katika The Thief of Bagdad ya 1924 ni mwana wa mfalme wa Kihindi. Katika The Mummy ya 1932 ni mtumishi Mnubi, mtu wa kusini mwa Misri. Halafu itafute The Most Dangerous Game, ya mwaka huohuo, iliyopigwa kwenye msitu wa bandia uleule wa King Kong. Mle usihangaike kutafuta mtu mweusi. Mwangalie Ivan, yule mtumishi bubu wa Kirusi mwenye ndevu. Ni yeye, kapakwa weupe!

Sasa hilo la haya. Mwaka 1916 Johnson, pamoja na wenzake, alianzisha Lincoln Motion Picture Company, kampuni ya weusi ya kutengeneza filamu za weusi. Katika ile ya kwanza alicheza mhandisi kijana aliyesoma Tuskegee, chuo cha weusi, ananyimwa kazi kwenye visima vya mafuta kwa sababu ya rangi yake, na mwisho anagundua mafuta yako shambani kwa baba yake mwenyewe. Hakuna kuchekesha wala kukata viuno. Ujira aliopata Universal, studio kubwa ya Hollywood, ndio uliosaidia kuiendesha kampuni, na mdogo wake George, mfanyakazi wa posta kule Omaha, ndiye aliyehangaika kuzisambaza filamu.

Kilichowaponza ni mabango. Watazamaji weusi wakiona sura ya Johnson kwenye bango la Lincoln, wanaingia huko, wanaiacha filamu ya Universal aliyomo yeye huyohuyo. Inaelezwa kwamba Universal walimbana achague. Mwaka 1918 akajiuzulu Lincoln, na miaka michache baadaye kampuni ikafa.

Uamuzi ule unaniuma, lakini kumwita kibaraka siwezi. Na ujue kwa nini wewe umemfahamu kama chifu tu: filamu ya mhandisi imepotea. Katika kazi zote za Lincoln kilichosalia ni vipande vya filamu moja ya 1921, ambayo Johnson hayumo. Za studio kubwa zilitunzwa, ndizo hizo unazoziona.

Aliigiza mpaka karibu 1950, akafariki 1978 akiwa na miaka 96. Ukishamwona huyo Ivan nipigie, lakini usiku, mchana niko kazini.

Baba yako